Mkebe wa Leseni za Clifford

Mimi si mwizi. Naanzia hapo, maana kuna karatasi ya mahakama ndani ya mkebe huu inayosema vingine, na mtu akiisoma bila kunijua atanifikiria vibaya. Jina langu ni Thelma Ogden. Nina miaka sabini na mitatu, nakaa Burnley, Uingereza, katika nyumba ileile niliyoingia nikiwa bibi harusi, na katika maisha yangu yote sikuwahi kupata hata tiketi ya kuegesha gari mahali pabaya. Jina safi ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo. Sasa sinalo, na aliyenipokonya nilimzaa mwenyewe.

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa kuita kesi kwenye mahakama ya hapa mjini. Nilivaa joho jeusi, nikasimama mlangoni na kuita majina. Jumanne ilikuwa siku ya kesi za leseni ya televisheni, ile ada ya mwaka ambayo kwetu kila nyumba inayotazama hulipa ili kuendesha redio na televisheni ya taifa, na koridoni benchi lilijaa wanawake, wengine na vigari vya watoto. Mkaguzi wa leseni akibisha, anayefungua mlango ndiye anayeandikwa, na mchana nani anashinda nyumbani kama si mwanamke? Walilia, walieleza, walisema hawakujua. Nami nimesimama pale na joho langu nasema moyoni: si ungelipa tu, mama wee! Jioni nikimsimulia mume wangu Clifford, anatikisa kichwa na kusema, "Hao watu hawana haya." Kisha tunakunywa chai yetu, tumetulia kabisa.

Clifford kwa leseni alikuwa hana mchezo. Tulipooana hatukuwa na kitu, kwa hiyo kila Ijumaa akitoka kiwandani alipita posta kununua stempu ya leseni, anaibandika kwenye kadi, mpaka kadi ijae na mwaka uwe umelipiwa. Leseni ikija aliiweka kwenye mkebe wa bati wa tofi, juu ya ile ya mwaka uliopita. Alipofariki miaka minne iliyopita niliendelea mimi. Leseni arobaini na nane zimo humo, hakuna mwaka uliorukwa.

Basi Jumapili moja ya Novemba akaja mwanangu Duncan na kidude cheusi cha kuchomeka nyuma ya televisheni. Duncan anafanya kazi kwenye bima, anakaa Preston na mkewe Kirsty na watoto wao wawili. Ni mtu wa mahesabu. Yeye ndiye aliyenihamisha kampuni ya gesi, akanihamisha ya umeme, akanihamisha bima ya nyumba, na kila mara nilikuwa naokoa pauni mbili tatu na yeye anajisikia bingwa.

"Mama, leseni unalipa ngapi siku hizi?"

"Wanachotaka."

"Mia moja sabini na nne na nusu kwa mwaka! Kwa ajili ya nini? Wakuambie mvua itanyesha?"

"Na haijanyesha?"

"Acha utani, mama. Hawa wa mtandaoni wana filamu mpaka utachoka mwenyewe. Unatazama unachotaka, saa unayotaka. Kwenye leseni unalipia vitu kibao usivyovitazama."

"Hata taa za barabarani nalipia, na mtaa wa pili sijapita tangu pasaka."

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake iko wapi? Redio yangu ya jikoni je? Nyimbo za Krismasi je? Mchezo wangu wa snuka je?"

"Redio haihitaji leseni. Hiyo utasikiliza bure."

"Bure kwa sababu kuna mjinga anailipia," nikamwambia. "Mjinga mwenyewe mimi hapa."

Akacheka. Nami nilikuwa nashinda, jamani, nilikuwa nashinda kabisa. Nilimwambia ikifika saa ya mashindano ya dansi Jumamosi, majirani wa ukuta wa kushoto wanapiga makofi na wa ukuta wa kulia wanapiga makofi na mimi katikati napiga makofi, na hiyo filamu yake ya saa unayotaka utaitazama peke yako kama mgonjwa wa wodini. Duncan akawasha televisheni.

Pale kwenye kioo yakatokea majina matano, kila moja na kikatuni chake. Duncan. Kirsty. Isla. Rory. Na mwisho kabisa, pembeni ya wajukuu zangu, paka wa kijani, na chini yake: MAMA.

"Unaona?" akasema. "Nimekuweka kwetu. Mimi ndiye ninayelipa. Ukiwasha tu, uko nyumbani kwetu."

Hapo nikalegea. Sitaki kudanganya, si kwa sababu ya pauni mia na kitu. Preston si mbali, lakini Duncan anakuja mara moja kwa miezi miwili, anaangalia saa tangu anavua koti. Kuona jina langu limekaa na majina yao, ikanichoma mahali. Nikamwambia haya, fanya.

Akatoa simu, akabonyezabonyeza. Dakika mbili hazikufika.

"Tayari. Nimewaambia leseni huihitaji tena."

"Na snuka?"

"Mama, nimeshakuwekea kila kitu. Tazama unachotaka."

Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno. Miaka ishirini na sita nilisikiliza watu wakila kiapo, kusikiliza najua.

Utaniuliza: wewe mtu wa mahakama hukujua? Nilijua sheria ya zamani, ukiwa na televisheni uwe na leseni, basi. Duncan akaniambia siku hizi mtu anaruhusiwa kuikataa, na hilo kumbe ni kweli. Asichoniambia ni kwamba ukiikataa huruhusiwi kutazama kitu chochote wakati kinarushwa, kwenye stesheni yoyote ile. Na kwenye simu yake alikuwa ametia alama, kwa jina langu, kwamba mimi sitazami na sitatazama. Nilidhani malipo yake ya mwezi yamechukua nafasi ya leseni, vile vile kampuni mpya ya gesi inavyochukua nafasi ya ile ya zamani na jiko linaendelea kuwaka. Duncan alinihamisha, nikahamishika.

Nilitazama filamu zao, ndiyo. Nyingine nzuri. Nyingine watu wanavuana nguo kabla hata hujajua wanaitwa nani. Lakini kila jioni nilipenda ule wakati wa kuwasha tu, yatokee majina matano, nimguse yule paka.

Februari nikawasha, paka hayupo. Majina yote hayapo. Pameandikwa kwamba televisheni hii si ya nyumba ya mwenye akaunti. Nikampigia Duncan.

"Hitilafu tu hiyo, mama. Nitashughulikia."

Wiki ikapita. Nikampigia tena. "Nitashughulikia, mama, niko kazini." Mara ya tatu sikupiga, sikutaka aone namsumbua. Nikachomoa kile kidude, nikarudi kwenye televisheni yangu ya kawaida na antena ambayo Clifford aliifunga mwenyewe kwenye bomba la moshi.

Mwishoni mwa Aprili, saa tisa alasiri, mashindano ya dunia ya snuka yamepamba moto, mlango ukabishwa. Kijana mmoja, koti la mvua, kitambulisho shingoni.

"Samahani mama, natoka upande wa leseni za televisheni. Hapa panaonyesha hamuihitaji. Nimekuja kuhakikisha tu."

"Karibu, baba, utalowa hapo," nikamwambia. "Nilishahamia kwenye malipo ya mwanangu mimi. Ingia, birika limechemka."

Hebu nioneni! Mtu mzima, karani wa mahakama, namkaribisha mkaguzi kwa mikono miwili. Nikamkalisha kwenye kiti cha Clifford, nikampa chai na biskuti za tangawizi, na televisheni mbele yake inawaka, meza ya kijani imejaa kioo kizima. Akatazama. Nami nikatazama. Mchezaji alikuwa anauinamia mpira mweusi.

"Hautaingia huo," nikasema.

"Utaingia."

"Nakwambia hautaingia."

Ukaingia. Yule kijana akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka taratibu. Akaweka kikombe chini.

"Mama, hii inarushwa sasa hivi, moja kwa moja?"

"Sasa ulifikiri ya jana? Matokeo ya jana ninayo tayari."

Akatoa fomu yake. Na hapo, kabla hajafungua mdomo, nikajua. Maneno aliyoanza kuyasoma niliyasikia Jumanne ngapi? Kwamba si lazima niseme kitu, lakini nikisema, kitaandikwa. Nikamweleza kuhusu Duncan, kile kidude, gesi. Akaandika. Alikuwa na adabu, sina neno naye.

"Mama, huyo mwanao alikudanganya au alikosea?" akaniuliza akiwa mlangoni.

"Mwanangu hadanganyi," nikasema, tena kwa ukali.

Jioni ileile nikalipia leseni mpya. Haikusaidia, kosa lilikuwa limeshaandikwa. Mwezi Juni ikaja bahasha. Siku hizi huitwi mahakamani. Unajaza karatasi, unakiri au unakataa, unaeleza sababu zako, na hakimu mmoja anakusoma chumbani peke yake. Una siku ishirini na moja.

Nilijua ninachohitaji. Barua moja tu ya Duncan, mistari mitatu: mimi ndiye niliyejaza, mama yangu hakuelewa. Nimeona kesi nyingi zikifutwa kwa barua za namna hiyo. Wasingenihukumu.

Jumapili iliyofuata nikapanda treni mpaka Preston, Kirsty alikuwa amenialika chakula cha mchana. Mwanakondoo wa kuoka, viazi, mchuzi mzito. Mama yake Kirsty alikuwepo, anaitwa Rosalind, mwanamke wa mikufu na marashi, si mtu mbaya. Tukiwa mezani akaniwekea mkono begani.

"Thelma, mwenzangu, una mtoto wewe! Hivi unajua Duncan alivyonitoa upweke?"

"Kivipi?"

"Si ile kampuni ya filamu ilisema watu wa nje ya nyumba wote watolewe, abaki mmoja tu? Basi nafasi hiyo akanipa mimi! Tangu Februari sijui kulala mapema. Ile tamthilia ya wale matabibu wa Norwei umeiona?"

"Hapana," nikasema. "Mimi natazama snuka."

Nilimwangalia Duncan. Alikuwa anakata nyama, anaikata vipande vidogo vidogo kama ya mtoto. Kirsty akauliza nani anataka mchuzi zaidi.

Nikasubiri mpaka Duncan anaosha vyombo. Nikachukua kitambaa, nikasimama pembeni yake nikifuta sahani.

"Kumbe haikuwa hitilafu."

"Mama, tusianze. Rosalind anakaa peke yake."

"Na mimi nakaa na nani?"

Akafungulia maji zaidi.

"Sawa, hilo la filamu limepita," nikasema. "Nataka barua." Nikamweleza habari yote ya mkaguzi na bahasha na siku ishirini na moja. Alisimama na povu mikononi, na niliona anavyofikiri; tangu mtoto akifikiri anauma shavu kwa ndani.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Kuandika. Lile ni tamko, mama. Nikisema nililijaza mimi kwa jina lako na halikuwa kweli, hilo ni jambo jingine kabisa. Kazini kwetu tunakaguliwa. Jina langu likionekana kwenye karatasi ya mahakama nimekwisha."

"Ulijua halikuwa kweli?"

"Nilijua utatazama snuka yako, ndiyo. Kila mtu anatazama. Hakuna anayekamatwa!"

Loh! Nilishika ukingo wa sinki. Hakukosea basi. Alijua, na akanitilia saini nikiwa nimekaa hapo nimekodolea macho paka wa kijani.

"Sikiliza," akasema, sasa kwa sauti laini, ile anayoitumia kwa wateja. "Sema umesahau. Waandikie kwamba umri umekwenda, mambo yanakupotea, hukumbuki umejaza nini. Kwa umri wako nani atakataa? Watakuonea huruma, mama, huenda wakafuta kabisa."

"Yaani niseme nimeanza kuchanganyikiwa."

"Ni maneno tu."

Nilimkunjia kile kitambaa vizuri, nikakiweka juu ya sahani. Damu ilikuwa inanichemka mpaka masikioni, lakini pembeni wajukuu walikuwa wanacheza, nami si mtu wa kupiga kelele kwenye nyumba ya watu. Nikasema kwamba treni yangu inakaribia. Haikuwa inakaribia. Nilikaa stesheni saa nzima, nikalia mbele za watu, mwanamume mmoja akanipa leso yake.

Barua niliyoitaka ningeweza kuipata kwa nguvu. Naijua kazi. Ningekana kosa, ningeomba kesi isikilizwe mbele ya hakimu, ningemtaja Duncan na kampuni yake, wangemwita. Karani fulani angesimama mlangoni na joho jeusi aite: Duncan Clifford Ogden! Usiku mmoja niliwaza hivyo na nikafurahi, nakiri. Asubuhi furaha ilikuwa imeisha. Niliwaza Isla na Rory shuleni kwao.

Na lile la kusahau? Haki ya Mungu, bora wangenifunga. Nakumbuka kila kitu mimi. Nakumbuka bei ya stempu ya leseni ya mwaka tuliooana. Nakumbuka jina la mwanamke wa mwisho niliyemwita siku nastaafu, Lorna Tattersall, alikuwa na mtoto mwenye mafua, na aliniambia akipita, "Mume wangu alisema amelipa," nami nikatazama pembeni. Namkumbuka sana siku hizi.

Nikachukua kalamu, nikakiri kosa. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika sentensi moja: Mkaguzi ameandika kweli, na nilikuwa na akili zangu timamu. Nikatia saini.

Hukumu ikaja kwa posta Julai, siku ya Jumanne. Faini na gharama, si pesa za kuniua. Lakini jina langu limo, na mbele yake neno lile ambalo nilikuwa nawasikia mahakimu wakilitamka kwa wengine: ana hatia. Hakuna aliyesimama mlangoni kuniita. Nilihukumiwa pengine huku namwagilia maua.

Jioni Duncan akapiga simu. Alikuwa hajapiga wiki tano.

"Mama. Vipi, wamejibu?"

"Wamejibu. Nimepatikana na hatia."

"Oh, mama." Akavuta pumzi. "Pole sana. Ulinitaja?"

Nilisubiri kidogo, nikidhani kuna swali jingine linakuja. Halikuja.

"Sikukutaja."

Nilisikia anavyoshusha pumzi, simu nzima ilijaa ile pumzi. "Asante, mama. Kweli asante. Faini nitalipa mimi, usijali. Na sikiliza, nimeongea na Rosalind, ameshamaliza ile tamthilia yake. Naweza kukurudishia nafasi yako. Paka yuleyule."

"Mwachie Rosalind," nikasema, nikakata.

Faini nililipa mwenyewe. Kisha nikashusha mkebe wa tofi kutoka juu ya kabati. Leseni arobaini na nane, za chini zimegeuka rangi ya chai. Leseni mpya ilikuwa imeshafika, lakini kati yake na ile ya mwisho kuna pengo la tangu Novemba hadi Aprili, pengo pekee ambalo nyumba hii imewahi kuwa nalo. Nikachukua ile karatasi ya mahakama, nikaikunja sawasawa na zile nyingine, nikaiweka mahali pake, halafu leseni mpya juu.

Mimi nikifa, Duncan ndiye atakayekuja kufungasha vitu. Hana ndugu. Ataufungua mkebe huu, kwa sababu tangu utotoni anadhani bado una tofi. Atazipitia karatasi za baba yake mpaka afike kwenye hiyo ya mahakama. Nyuma yake nimemwandikia kwa wino, herufi kubwa, ili asihitaji miwani: SIKUSAHAU.